Milioni Mbili na Laki Moja: Kisa cha Kuinuka na Kunyamaza kwa Tovuti za Siasa Tanzania

Katika wiki ya pili ya mwezi Juni mwaka 2018, Watanzania waliozoea kuianza siku kwa kupitia JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni, walikuta mlango umefungwa. Mijadala iliyokusanywa kwa miaka kumi na miwili haikufunguka. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo wengi huiita TCRA, ilikuwa imeamuru kwamba mtu yeyote anayechapisha maudhui mtandaoni bila leseni asimamishe kazi hiyo mara moja na akamilishe usajili kufikia tarehe 15 ya mwezi huohuo, la sivyo atashtakiwa. Hapakuwa na askari aliyevunja mlango wala mtambo uliong'olewa. Wamiliki wenyewe ndio waliozima, kwa kuwa walikuwa wamezisoma kanuni, wakapiga hesabu, wakaona kwamba kila saa ambayo tovuti inabaki hewani ni saa ya kosa la jinai.

JamiiForums ilikuwa kubwa, kwa hiyo kufungwa kwake kuliandikwa hadi nje ya nchi. Ila amri ile iliangukia pia blogu ndogo za mikoani ambazo hakuna aliyeziandikia tanzia: kurasa za mtu mmoja au wawili, zilizohifadhiwa bure kwenye Blogspot, zilizokuwa zikiripoti vikao vya madiwani, kura za maoni za kuteua wagombea wa chama tawala, CCM, ugomvi wa mkurugenzi na mkuu wa wilaya, na barabara iliyotengewa fedha mara tatu bila kujengwa. Naamini kwamba hasara kubwa ya kisa hiki iko huko wilayani, na kwamba kilichozizima tovuti zile kilikuwa gharama ya kuwepo kihalali pamoja na hatari ya kubebeshwa kosa la kila neno lililoandikwa na kila msomaji.

Kutoka gazeti tando hadi jukwaa

Mwanzo wa mambo haya ulikuwa wa watu wachache waliokuwa wakiandika kwa mapenzi. Katikati ya miaka ya 2000 Ndesanjo Macha, kupitia blogu yake ya Jikomboe, aliwaonyesha Watanzania kwamba mtandao unaweza kuandikwa kwa Kiswahili kizuri na kwa fikra za kisiasa zisizoomba ruhusa. Wakati huo baadhi ya waandishi waliziita blogu zao "gazeti tando", jina zuri ambalo kwa bahati mbaya halikudumu. Mwezi Septemba 2005 Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la serikali la Daily News, akaanzisha blogu ya picha ambayo baadaye aliiita Globu ya Jamii. Wasomaji wake wakawa "wadau", yeye mwenyewe akawa "Ankal", na kazi yote ya kuchapisha kila siku ikaitwa "kuendeleza libeneke". Blogu hiyo haikuwa ya upinzani hata kidogo, lakini ilimfundisha mtu wa kawaida kwamba habari inaweza kumfikia kabla gazeti halijatoka kiwandani, na kwamba chini ya habari hiyo anaweza kuweka maoni yake yakasomwa.

Mwaka 2006 likaja jukwaa la Jambo Forums, lililoanzishwa na Maxence Melo na Mike Mushi. Hapa mpangilio ulikuwa tofauti kabisa, kwa sababu mwandishi hakuwa mwenye tovuti: alikuwa mwanachama yeyote, mara nyingi kwa jina la kubuni, aliyefungua uzi, yaani mjadala mpya, akaweka waraka, na wenzake wakaufumua. Wengi wa mwanzo walikuwa Watanzania walioko masomoni au kazini Marekani na Uingereza, kwa kuwa nyumbani intaneti ilikuwa ghali na ya polepole, na mtu wa Dar es Salaam aliingia mtandaoni kwa kulipia dakika kwenye kibanda cha intaneti. Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulipofika nchini mwezi Julai 2009, na simu zenye intaneti zikafuata, ndipo uwiano ulipogeuka na nyumbani pakawa ndipo penye wasomaji.

Kashfa mbili ndizo zilizoupa ulimwengu huu uzito wa kitaifa. Ya kwanza ni ya Akaunti ya Madeni ya Nje katika Benki Kuu, maarufu kama EPA, ambapo ukaguzi wa kampuni ya Ernst & Young ulibaini kwamba shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa kampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/2006. Dk. Willibrod Slaa, mbunge wa upinzani, aliposimama Mwembeyanga, Temeke, mwezi Septemba 2007 na kusoma orodha ya aliowatuhumu kwa ufisadi, alikuwa akiyatamka hadharani mambo ambayo wasomaji wa mtandaoni walikuwa wamekwisha kuyajadili. Mwezi Januari 2008 Rais Jakaya Kikwete akatengua uteuzi wa gavana wa Benki Kuu. Mwezi uliofuata, kamati teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond iliwasilisha taarifa yake, na tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, na naomba msomaji alishike jina hilo.

Mwezi huohuo wa Februari 2008 polisi waliwakamata waanzilishi wa Jambo Forums, wakawahoji na kuchukua kompyuta zao. Jukwaa likazimika kwa siku chache, kisha likarudi, na katika mwaka huo likabadili jina na kuwa JamiiForums. Mtu angedhani kwamba tukio lile lingewatisha wanachama, lakini lilikuwa tangazo kubwa kuliko ambalo fedha zao zingeweza kununua.

Mwandishi wa wilaya

Wachambuzi wengi husimulia habari hii kwa kashfa kubwa peke yake. Mimi nadhani mapinduzi halisi yalitokea chini zaidi, kwa mtu ambaye katika magazeti huitwa mwandishi wa kujitegemea wa mkoani. Huyu hulipwa kwa kila habari inayochapishwa, na habari isiyochapishwa hailipwi hata kama aliifuata kwa bodaboda kilomita arobaini. Akituma maneno mia nane kuhusu kikao cha baraza la madiwani kilichokataa hesabu za mkurugenzi, chumba cha habari Dar es Salaam huchapisha aya mbili chini ya ukurasa wa nane, au hakichapishi kabisa siku ambayo waziri amehutubia. Siyo kwa ubaya. Gazeti la taifa zima haliwezi kulipa ukurasa kila halmashauri.

Blogu ilimpa mtu huyu mahali pa kuiweka habari yake nzima: majina ya madiwani waliosimama, hoja zao, majibu ya mweka hazina, na picha ya kisima ambacho taarifa ilisema kinatoa maji. Wasomaji walikuwa watu wa wilaya ile na watoto wao walioko mjini, na hawakuhitaji kuelezwa diwani fulani ni nani. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilipotoka kila mwaka, magazeti yalitoa jumla za kitaifa, na blogu za mikoa zilikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa halmashauri yao. Kura za maoni za CCM za mwaka 2010 na za mwaka 2015 ziliripotiwa na blogu hizi kata kwa kata, wakati ambapo redio ilikuwa bado inasubiri tamko la katibu wa chama. Nayo JamiiForums ikawa kiungo cha kupandisha habari juu, kwa sababu uzi ulioanzishwa na mtu wa Kahama au Newala ulisomwa na mhariri wa Dar es Salaam, kesho yake ukawa kichwa cha habari, na keshokutwa mbunge akaomba mwongozo wa Spika.

Lazima niseme pia kwamba haukuwa ulimwengu wa malaika. Viongozi walizushiwa vifo, wanawake waliogombea walidhalilishwa kwa mambo ya faragha, na kambi zilizokuwa zikipigania urais ndani ya chama tawala zilijifunza haraka kupanda habari dhidi ya wapinzani wao kwa majina ya kubuni. Kuna wenye blogu waliopokea fedha ili waandike na wengine waliopokea ili wasiandike. Msomaji mzoefu alijua kupima, akamwomba mleta mada ushahidi kwa ile sauti ya "mkuu, weka waraka tuone", na mara nyingi uongo ulivunjwa palepale na mwanachama mwingine aliyekuwa karibu na tukio. Lakini mtu aliyechafuliwa jina usiku hakupata faraja kwamba amesafishwa mchana. Serikali iliposema kuna tatizo la uzushi na matusi mtandaoni, ilikuwa inasema kweli, na watetezi wa tovuti hizi walikosea kila walipojifanya hawalioni.

Udhaifu wa pili ulikuwa wa fedha. Kuanzisha blogu hakukugharimu chochote, na kwa hiyo hakuna aliyelazimika kujiuliza itaishi kwa nini. Matangazo ya mtandaoni ya makampuni ya kimataifa yalilipa senti kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, tena kwa kurasa za Kiswahili hali ilikuwa ngumu zaidi. Watangazaji wa ndani wenye uwezo ni benki, kampuni za simu, na serikali pamoja na mashirika yake, na hakuna kati yao aliye tayari kuweka tangazo la sikukuu kando ya habari ya mkurugenzi aliyekula fedha za zahanati. Mwenye blogu ya wilaya aliishi kwa harusi alizopiga picha, kwa mabango ya wafanyabiashara wachache, na kwa bahasha ya nauli iliyotolewa kwenye semina. Tovuti ya namna hiyo huishi kwa sababu haina gharama, na siku inapowekewa gharama huwa haina pa kushika.

Sheria inakaza

Msumari wa kwanza ulikuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyopitishwa na Bunge mwezi Aprili na kuanza kutumika tarehe 1 Septemba, majuma manane kabla ya uchaguzi mkuu. Kifungu cha 16 kiliifanya habari ya uongo kuwa jinai. Kifungu cha 32 kilimpa polisi uwezo wa kudai taarifa za mtumiaji kutoka kwa mwenye mtandao. Kwa blogu ya mtu mmoja, kifungu cha 16 ndicho kilichotisha. Kwa jukwaa lililojengwa juu ya majina ya kubuni, kifungu cha 32 kilikuwa swali la uhai, kwa maana anayemtaja mwanachama mmoja hawezi tena kumwomba wa pili alete waraka. Kampuni ya Jamii Media, inayoendesha JamiiForums, ilikwenda Mahakama Kuu mwaka 2016 kupinga kifungu hicho na kingine cha 38, na haikufanikiwa.

Tarehe 13 Desemba 2016 Maxence Melo alikamatwa, na siku tatu baadaye akafikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu. Mashtaka yalikuwa ya kuzuia upelelezi kwa kukataa kutoa taarifa za wanachama walioandika tuhuma dhidi ya makampuni, na ya kuendesha tovuti isiyotumia kikoa, yaani anuani ya tovuti, cha .tz. Kesi zile zilidumu kwa miaka: moja alishinda mwezi Juni 2018, katika mwezi uleule ambao jukwaa lake lilizimika kwa sababu nyingine, katika nyingine alipatikana na hatia mwezi Aprili 2020, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi milioni 3 au kwenda jela mwaka mmoja. Mwaka 2019 alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya uhuru wa habari na Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari yenye makao New York. Tuzo hiyo ilimstahili, ingawa haikumpunguzia safari za Kisutu.

Wakati huohuo magazeti nayo yalikuwa yakifungiwa: Mseto mwaka 2016 kwa miaka mitatu, Mawio na MwanaHALISI mwaka 2017 kwa miaka miwili kila moja, Raia Mwema na Tanzania Daima kwa siku tisini. Kila gazeti lilipofungwa, wasomaji wake walihamia mtandaoni. Ninavyoona, hilo ndilo lililoifanya serikali igeukie mtandao kwa haraka iliyoonekana mwaka 2018.

Bei ya kuwepo

Tarehe 16 Machi 2018 zilitangazwa Kanuni za Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta za Maudhui ya Mtandaoni, na waziri wa habari aliyeziweka saini alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe. Miaka kumi kabla yake, taarifa ya kamati aliyoiongoza ilikuwa imejadiliwa kwa hamu katika kurasa zilezile ambazo sasa ziliwekewa masharti. Silitaji hili ili kumsuta. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi mtazamo kuhusu taarifa huru unavyobadilika kutegemea upande wa meza alipokaa mtu.

Kanuni zilitaka kila anayetoa huduma ya maudhui mtandaoni, iwe blogu, jukwaa, redio au televisheni ya mtandaoni, awe na leseni. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ada ya leseni shilingi 1,000,000, na ada ya kila mwaka shilingi 1,000,000, yaani shilingi 2,100,000 kabla ya kuandika neno la kwanza. Kima cha chini cha mshahara katika sekta ya biashara na viwanda kilikuwa shilingi 115,000 kwa mwezi, kwa hiyo mtu wa kima hicho angelazimika kutoa mshahara wake wote wa miezi kumi na minane na ziada. Fomu iliuliza wanahisa na uraia wao, mtaji, sifa za wafanyakazi, makadirio ya uwekezaji na uthibitisho wa kulipa kodi. Kwa shirika la habari haya ni makaratasi ya kawaida. Kwa mwalimu wa sekondari anayeandika jioni kuhusu baraza la madiwani la wilaya yake, ni maswali ambayo hayana jibu.

Fedha ilikuwa nusu tu ya uzito, kwa maana mwenye leseni alitakiwa pia kuondoa maudhui yaliyokatazwa ndani ya saa kumi na mbili baada ya kuarifiwa, kuwa na namna ya kumtambua aliyeyaandika, na kuweka utaratibu wa kuyachuja. Miongoni mwa maudhui yaliyokatazwa yalikuwamo yale yanayosababisha kero. Nani asiyekereka anapoandikwa? Adhabu ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi kumi na miwili, au vyote viwili. Mtu akiyaweka masharti haya pamoja, anaona kwamba blogu ndogo ilitakiwa kulipa kama kampuni, kujilinda kama kampuni, na kufungwa kama mtu binafsi.

Mashirika sita, yakiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu, Baraza la Habari, Jukwaa la Wahariri, Chama cha Wanahabari Wanawake (TAMWA) na Jamii Media yenyewe, yalifungua shauri katika Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara, na tarehe 4 Mei 2018, siku moja kabla ya muda wa usajili kwisha, yakapata zuio la muda. Lilidumu chini ya mwezi mmoja. Mwishoni mwa Mei liliondolewa, na katikati ya Juni amri ya TCRA ikafuata.

Inafaa kulinganisha na majirani, kwa sababu yote haya yalitokea ndani ya majuma machache. Nchini Kenya, ambako chama cha wanablogu kilipinga sheria mpya ya makosa ya kompyuta, Jaji Chacha Mwita alisimamisha vifungu 26 mwishoni mwa Mei 2018. Nchini Uganda, kuanzia tarehe 1 Julai, serikali ilimtoza mtumiaji wa mitandao ya kijamii shilingi 200 za huko kwa siku. Uganda ilimlipisha msomaji, Tanzania ikamlipisha mwandishi. Tozo ya msomaji ilizua makelele makubwa na wengi wakaikwepa kwa programu za kuficha mahali walipo. Ada ya mwandishi ilimpata mtu mmoja aliyejulikana kwa jina na anuani, asiye na umati nyuma yake.

Kilichobaki baada ya Juni

JamiiForums ilirejea baada ya majuma machache na kuendelea kwa leseni. Blogu kubwa za picha na burudani zililipa. Vyombo vya habari vyenye magazeti na redio vililipa pia, na vikaongeza televisheni za mtandaoni kwenye YouTube. Aliyeondoka ni yule wa wilaya.

Hata waliobaki hawakubaki walivyokuwa, na hapa ndipo takwimu za leseni, hata zikionyesha ongezeko, zinapoficha jambo. Aliyelipa milioni mbili anatafuta namna ya kuzirudisha. Habari ya kikao cha madiwani haizirudishi. Ziara ya mkuu wa mkoa, uzinduzi wa tawi la benki na mahojiano ya msanii huzirudisha, kwa kuwa zina mwenyeji anayelipa. Ukizipitia blogu za mikoani zilizodumu, unakuta taarifa kwa vyombo vya habari zimewekwa kama zilivyopokelewa kutoka kwa ofisa habari wa halmashauri, pamoja na picha ya meza kuu. Hakuna aliyezikataza habari nyingine. Zimekuwa tu hazina mtu ambaye kuziandika kunamfaa.

Na kulipa hakukuwa kinga. Mwezi Aprili 2020 TCRA ilisimamisha leseni ya mtandaoni ya gazeti la Mwananchi kwa miezi sita na kuitoza faini ya shilingi milioni 5 kwa sababu ya picha ya Rais John Magufuli akiwa soko la samaki, iliyochapishwa katika siku za ugonjwa wa korona. Mwezi Julai mwaka huo Kwanza Online TV ilisimamishwa kwa miezi kumi na moja kwa kusambaza tahadhari ya ubalozi wa Marekani kuhusu ugonjwa huohuo. Mwezi uleule kanuni za mwaka 2018 zilibadilishwa na kanuni mpya za 2020, wakati nchi ikielekea uchaguzi wa Oktoba. Kama chombo chenye wanasheria na mtambo wa uchapaji hakikuweza kujikinga, mwenye blogu wa Tunduru angejikinga kwa kipi?

Wasomaji hawakuacha siasa. Walihamia WhatsApp, Instagram na Twitter, na ni haki kukiri kwamba wengi walikuwa wakihama hata kabla ya kanuni, kwa sababu simu na vifurushi vya bei nafuu viliwavuta huko. Ila mabadiliko hayo yana athari ambayo haijazungumzwa vya kutosha. Uzi wa jukwaa na ukurasa wa blogu vilikuwa na anuani, tarehe na maoni yaliyousahihisha. Mtu angeweza kuurudia baada ya miaka mitano na kumwonyesha diwani alichoahidi. Sauti iliyorekodiwa ikasambazwa kwenye kundi la WhatsApp la wilaya haina mwandishi, haina tarehe, na hakuna mhariri wa kuombwa aiondoe ikiwa ni ya uongo. Kanuni zilizokusudiwa kupunguza uzushi ziliwaondoa watu waliokuwa wakiandika kwa majina na anuani zao, na kuuacha uzushi mahali ambapo hauna mwenyewe.

Baada ya Rais Magufuli kufariki mwezi Machi 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza mwezi uliofuata kwamba vyombo vilivyofungiwa vifunguliwe, na mwezi Februari 2022 magazeti manne, yakiwemo MwanaHALISI na Tanzania Daima, yakarudishiwa leseni. Mwaka huo kanuni za mtandaoni nazo zikalegezwa. Nilitarajia, na wengine walitarajia pamoja nami, kwamba blogu za wilaya zingerudi. Hazikurudi kwa wingi. Mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa na miaka thelathini mwaka 2010 sasa ana familia na kazi nyingine, pengine ni ofisa habari wa halmashauri ileile aliyokuwa akiiandika. Kijana aliyekuja baada yake amekuta desturi hiyo haipo, hivyo anaanzisha akaunti ya video fupi. Kumbukumbu za zamani nazo zimetoweka kidogo kidogo: kikoa kisicholipiwa kimechukuliwa na mtu mwingine, picha zilizohifadhiwa kwenye huduma za bure zimefutwa, na anayetaka kujua leo nani alishika nafasi ya pili kwenye kura za maoni za kata yake mwaka 2010 atafute mzee anayekumbuka.

Mabadiliko ya 2022 yaliiacha palepale nguzo yenyewe, ambayo ni leseni inayoweza kusimamishwa na mamlaka iliyoitoa. Mwezi Oktoba 2024 kurasa za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi zilisimamishwa kwa siku thelathini kwa sababu ya video ya katuni. Tarehe 6 Septemba 2025 ilikuwa zamu ya JamiiForums, iliyosimamishiwa leseni kwa siku tisini. Ukizihesabu siku hizo, zinaishia mwanzoni mwa Desemba, na uchaguzi mkuu wa Rais, wabunge na madiwani ulifanyika tarehe 29 Oktoba.